Barua ya wazi: tuongezeeni safu moja kwenye fomu ya KKK

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, viongozi wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Taasisi ya Elimu Tanzania, Baraza la Mitihani la Tanzania, wathibiti ubora wa shule, na maafisa elimu wote kuanzia mkoa hadi kata.

YAH: MTOTO ANAYEANDIKWA "HAJUI KUSOMA"

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa, kijiji cha wakulima wa pamba na wafugaji. Watoto wanakuja shuleni na Kisukuma chao kutoka nyumbani, na Kiswahili wengi wanakikuta hapa. Huu ni mwaka wangu wa 11 kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Nina watoto 94 katika chumba kimoja. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema kwenye vikao vya shule na vya kata mara nyingi, na kila mara nimejibiwa kwamba nijaze fomu kwanza, mengine tutayatazama baadaye.

Basi nianze na hiyo fomu. Kila mwisho wa mwezi inatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Upande wa kusoma ina safu tatu: wanaojua, wasiojua, asilimia. Najaza, mwalimu wa taaluma anajumlisha, mwalimu mkuu anasaini, inakwenda kata, kutoka kata inakwenda halmashauri. Baada ya wiki mbili tatu inarudi amri: shule yenu ina wasiojua wengi, pambaneni wapungue. Hakuna hata mara moja katika miaka hii 11 ambapo fomu imeniuliza: huyo asiyejua, hajui nini?

Mwaka jana alikuja mgeni kupima. Alimketisha mtoto mmoja wangu, nitamwita Kulwa ingawa silo jina lake, akawasha saa, akampa kifungu asome. Dakika ikaisha. Kulwa hakufika hata robo ya maneno 50 kwa dakika, ambayo ndiyo kigezo tunachopimia darasa la pili. Mgeni akaweka alama kwenye safu ya wasiojua na kumwita mwingine. Simlaumu, alifanya alichotumwa, na tena alikuwa mpole kwa watoto. Ila jioni yeye aliondoka na takwimu yake, mimi nikabaki na Kulwa, na kuhusu Kulwa sikujua chochote nilichokuwa sikijui asubuhi.

Kesho yake, wenzake walipokuwa wanakunywa uji, nilimwita kwenye kibaraza cha ofisi. Nilikuwa nimeandika kifungu kimoja kwa mkono mara mbili, karatasi moja yake na moja yangu. Kilikuwa hiki:

"Asubuhi babu alimpeleka ng'ombe mtoni. Njiani walikutana na mbwa mkubwa. Ng'ombe alishtuka akakimbia. Babu alimwita lakini hakurudi. Jioni walimkuta chini ya mwembe, amelala."

Nilimwambia asome taratibu, hakuna saa, hakuna anayemsubiri. Kila neno alilolipata niliweka vema juu yake. Kila alilokosea niliandika vilevile alivyolitamka, herufi kwa herufi, bila kumkatiza na bila kukunja uso. Kulwa alisoma hivi:

"Asubuhi babu alipeleka gobe mutoni. Jiani walikutana na bwa mukubwa. Gobe alishutuka akakibia. Babu aliwita lakini hakuludi. Jioni walikuta chini ya webe, amelala."

Naomba msome tena polepole, Waheshimiwa, kwa sababu barua yangu yote imo humo.

Kwa hesabu ya fomu, kifungu kina maneno 23, Kulwa amepata 10 na kukosa 13. Hajui kusoma. Sasa tazameni ni makosa gani hayo 13.

Manne kati yake ni ya ulimi. Kulwa anasema "mutoni" hata akiwa hana kitabu mbele yake. Nilimwuliza mama zake wanateka maji wapi, akanijibu "mutoni". Mama yake anasema hivyo, bibi yake anasema hivyo, kwa kuwa Kisukuma hakiipendi m iliyokaa peke yake bila irabu. "Mukubwa" ni njia hiyohiyo, na "alishutuka" nayo ni irabu iliyotiwa kati ya sh na t. "Hakuludi" nayo ni r ambayo Kisukuma hakina. Ili nijiridhishe nilimwekea kadi mbili, moja imeandikwa "mahali" na nyingine "mahari", nikamwambia aniguse ile ya ng'ombe wa harusi. Akaigusa bila kusita. Jicho lake linaiona r, linaitofautisha na l, ni ulimi tu ambao haujaizoea. Huyo kwenye neno "hakurudi" amesoma sawasawa, ametamka kwa lafudhi ya kwao. Kumhesabia kosa la kusoma ni kumwonea. Kule Mara kwa Wakurya mambo ni kinyume, l ndiyo inayogeuka r, na mtoto wa huko naye anaonewa kwa namna yake.

Yanabaki makosa tisa. Alipeleka. Gobe. Jiani. Bwa. Gobe tena. Akakibia. Aliwita. Walikuta. Webe. Nilikaa na karatasi hiyo mpaka kengele ikagonga, na nilipoona kilichokuwa kinatokea nilisisimka. Tisa yote ni kosa moja. Katika maneno hayo, kila mahali ambapo m au n imegusana na herufi nyingine bila irabu katikati, Kulwa ameiruka. Mb, nj, mp, mw, mk, na ile ng' ya ng'ombe. Lakini m na n anazijua, kwa sababu "amelala", "lakini", "jioni", "chini" na "walikutana" amezisoma bila kukwama. Na sauti zenyewe anazo mdomoni. Nilipomwuliza kwa nini ng'ombe alikimbia, alinijibu, "Alimwogopa mbwa", na ile mb akaitamka kama mimi na wewe. Ng'ombe ndio kabisa, anawachunga kila Jumamosi.

Kosa hili limetoka wapi? Limetoka ubaoni kwangu. Tunawafundisha ma, me, mi, mo, mu. Na, ne, ni, no, nu. Wiki baada ya wiki mtoto anaona m ikiwa imeshikana mkono na irabu, anajengeka akilini kwamba m haitembei peke yake. Siku anakutana na "mbwa" anatafuta irabu ya kuishika m, haipo. Hapo ama anaitia yeye mwenyewe, inakuwa "mu", ama anaiacha m na kwenda mbele kwenye kitu anachokijua. Kulwa hakuwa anabahatisha. Alikuwa anafuata kanuni, na kanuni hiyo alipewa na mimi.

Kuna jambo lazima niliseme hapa. Miezi mitatu kabla ya siku ile Kulwa alikuwa kwenye kundi la ufundishaji rekebishi, kama maelekezo yanavyotaka. Tuliwakusanya wasiojua wote kuanzia darasa la pili hadi la nne, tukaanza nao upya: a, e, i, o, u. Miezi mitatu nilimfundisha anachokijua. Alikuwa anaimba irabu na wenzake huku macho yako nje, anatazama wenzake wanaocheza, nami nikaandika kwenye daftari langu neno "mvivu" mbele ya jina lake. Daftari ninalo hadi leo. Sikulifuta neno lile, nililikata kwa mstari mmoja ili nilione.

Mpango wa Kulwa baada ya hapo haukuhitaji pesa wala kitabu kipya. Siku mbili za kwanza hatukugusa maandishi. Nilimwekea kidole midomoni, nikamwambia aifunge na aachie sauti, mmmm, asikie m inavyoishi bila irabu. Kisha tukacheza mchezo wa kusikiliza: nikisema "paka" anapiga kofi moja, nikisema "mpaka" anapiga mawili. Jaa, njaa. Goma, ngoma. Tu, mtu. Siku ya tatu tukaingia kwenye kadi nilizokata kwenye maboksi ya chaki, mb peke yake kwanza: mbegu, mboga, mbili, mbavu. Siku ya tano nj na nd. Ng' niliipa siku moja tu. Nilimwambia, "Hiki kijialama hapa juu ndicho ng'ombe wako", akacheka, hakuikosea tena. Wiki ya pili tukahamia ndani ya vitenzi, mahali ambapo m ni ndogo na imefichika lakini inabeba mtu mzima: alipiga, alimpiga. Walikuta, walimkuta. Nikamwuliza, hapa nani kapigwa? Akaanza kuitafuta ile m kama mtu anayetafuta ndama kwenye majani.

Siku ya 11 nilimpa kifungu kipya ambacho hajakiona. Alisoma taratibu bado, na "alimwendea" ilimtesa, lakini m na n zilizogusana na herufi nyingine alizipata karibu zote. Wiki mbili, dakika kumi kumi, baada ya miezi mitatu iliyopotea.

Isieleweke kwamba kila mtoto anafunguka hivyo. Yupo binti niliyemfuata kwa karatasi zilezile muhula mzima na bado nahangaika naye. Lakini hata kwake najua nahangaika na nini.

Maana chini ya neno hilohilo "hajui" mna watoto wasiofanana kabisa. Ninaye anayesoma kila silabi bila kosa, wa-li-ku-ta-na, na ukimwuliza umesoma neno gani anasema hajui. Huyo ukimrudisha kwenye silabi unampotezea muda, anazijua zote. Anachohitaji ni kurudia kifungu kifupi kilekile mara tatu, mara nne, na mwenzake pembeni, mpaka silabi zishikane. Ninaye mwingine anayesoma silabi ya kwanza na kukisia zilizobaki, "kitanda" akakiita "kitabu" na kuendelea bila wasiwasi. Huyo nimemfunikia neno kwa kipande cha karatasi, namfungulia silabi moja moja, na kila sentensi ikiisha namwuliza kama inaleta maana. Alikuwepo mmoja aliyeshindwa kila kitu ubaoni na kila mtu alikuwa amemkatia tamaa, siku nilipompa kadi mkononi akaileta karibu na pua na kuisoma yote. Macho. Zahanati ilimpeleka mbele na sasa anakaa dawati la kwanza akiwa na miwani.

Na wapo wanaohesabiwa wanajua ilhali hawajui. Binti mmoja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu kwa sauti nzuri, wakati huo macho yake yalikuwa kwa mwenzake aliyeshika embe. Nikaweka kidole katikati ya ukurasa, kwenye neno moja, nikamwambia anisomee hilo tu. Akanyamaza. Akarudi mwanzo wa ukurasa na kuanza kuimba tena ili alifikie. Alikuwa ameukariri wote. Kwenye fomu alikuwa safu ya wanaojua tangu darasa la kwanza.

Njia hii ya kukaa na mtoto na kuandika kila anachotamka sikuibuni mimi. Marie Clay, mwalimu na mtafiti wa Nyuzilandi, aliitengeneza miaka ya 1960, na huko kwao walimu wa madarasa ya chini wameitumia kwa vizazi. Vigezo vyake vinasema mtoto akisoma maneno 95 kwa 100 na kuendelea, kifungu ni rahisi kwake. Kati ya 90 na 94 kinafaa kufundishia. Chini ya 90 ni kigumu, mpe chepesi. Lakini naomba wataalamu wetu wasivinakili jinsi vilivyo. Vilitengenezwa kwa Kiingereza, lugha ya maneno mafupi. Kwetu neno moja "hawakutupatia" limebeba sentensi nzima, na mtoto akikosa "tu" pekee amehesabiwa kakosa neno lote. Rudini kwa Kulwa. Kwa maneno alipata 10 kati ya 23, chini ya nusu. Nilihesabu silabi za kifungu kile, ni 71, na alizosoma vizuri ni 55, zaidi ya robo tatu, na hapo hata makosa ya ulimi nimeyahesabu. Hao ni watoto wawili tofauti, na wote ni Kulwa. Kiswahili kinahitaji kipimo chake, na wa kukitengeneza wapo hapa nchini.

Najua mtaniuliza habari ya muda. Ni swali la haki na nimelipigia hesabu. Dakika nne kwa mtoto, watoto 94, ni dakika 376, zaidi ya saa sita. Kwa siku moja haiwezekani. Lakini watoto watano kwa siku ni dakika 20, na kwa siku 19 za masomo nimewamaliza wote. Karibu mwezi. Nusu saa kila siku, mtu mmoja wa kunishikia darasa, basi. Tangu Januari 2016 elimu ilipokuwa bila ada watoto walikuja kwa wingi, nami nashukuru walikuja, wengine wasingeliona darasa kamwe. Ila walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi ileile, na darasa la pili ndilo linalolipa, kwa sababu mtoto asiyeshika kusoma hapa anapanda darasa na tatizo lake mgongoni.

Sasa ninachoomba.

Fomu ya mwezi iongezewe safu moja: hajui nini. Haihitaji maelezo marefu. Maneno mawili yanatosha, "herufi zilizoungana", "haunganishi silabi", "anakisia", "anakariri", "macho". Safu hiyo ikipanda mpaka halmashauri, afisa elimu ataona kwamba shule tisa za kata moja zinalia na kitu kimoja, na atajua semina ya muhula ujao iwe ya nini.

Wathibiti ubora, mnakuja mnafungua azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, mnafungua andalio la somo, mnauliza kwa nini niko nyuma wiki tatu. Niliwahi kuandikiwa hivyo, "mwalimu yuko nyuma ya azimio", wiki ileile ambayo watoto wengi walikuwa wamefunguka kwenye mb na nd. Naomba andalio linalowagawa watoto makundi matatu kwa makosa yao lihesabiwe kuwa andalio. Naomba muulize pia karatasi za makosa, na mkizikuta zimejaa, mwalimu huyo mumtie moyo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unataka tumjenge mtoto umahiri. Umahiri wa mtoto unaujuaje kama hujui anapojikwaa?

Taasisi ya Elimu, tunaomba vifungu vifupi vilivyopangwa kwa ngazi: vya kwanza visiwe na herufi zilizoungana hata moja, kisha ziingie kidogo kidogo, mb na nd, halafu mw, halafu m ndani ya vitenzi, na mwishoni th, dh, gh na wenzao. Leo kitabu kinamrukisha mtoto kutoka "baba ana kuku" hadi "alimnyang'anya" ndani ya kurasa chache. Na kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, badala ya kutusomea slaidi, tuchezesheeni sauti ya mtoto akisoma, jina lake lisitajwe, kila mwalimu aandike alichosikia, kisha tulinganishe. Nilifanya hivyo na wenzangu wawili kwa simu yangu. Sauti moja ya mtoto, karatasi tatu, na hatukukubaliana kwenye maneno sita. Tulibishana saa nzima, na katika saa hiyo nilijifunza kusikiliza kuliko nilivyojifunza chuoni.

Baraza la Mitihani, upimaji wa KKK wa darasa la pili mnaufanya na taarifa mnatoa. Rudisheni na makosa. Asilimia ya mkoa hainisaidii Jumatatu asubuhi. Uwezo, mpango wa kiraia wa kupima watoto, nao walianza kupita majumbani mwaka 2010, wakitumia mfano ulioanzia India, kutuonyesha mtoto yuko ngazi ipi: silabi, neno, aya au hadithi. Ni kazi iliyoiamsha nchi na naiheshimu. Inayofuata ni kutuambia mguu unateleza wapi kwenye ngazi hiyo.

Maafisa elimu kata, mwaka 2018 mlipewa pikipiki ili mtufikie. Mkija, kabla ya kusaini kitabu cha wageni, naomba mketi na watoto watatu wasome mbele yenu. Kenya walipoanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, afisa anayetembelea darasa alikuwa akiwasomesha watoto watatu aliowachagua kwa bahati nasibu, ndipo akae na mwalimu wazungumze. Watatu tu. Mtaifahamu shule kwa dakika 15 kuliko kwa mafaili ya mwaka mzima.

Na hili la mwisho ni zito kulisema. Acheni kutupanga mashindano kwa idadi ya wasiojua. Nimeshuhudia siku ya upimaji watoto wazito wakiambiwa wabaki nyumbani. Nimeshuhudia mtoto anayesoma akiingia mara mbili kwa majina mawili. Waliofanya hayo ni walimu kama mimi, wana watoto wao, wanaogopa kuhamishwa. Mtoto aliyefichwa siku ile ndiye aliyestahili kukaa mbele ya mpimaji kuliko wote. Ondoeni hofu hiyo, na takwimu zenu zitakuwa mbaya kwa mwaka mmoja au miwili, halafu zitakuwa za kweli.

Kulwa sasa yuko darasa la tatu. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuazima kitabu, akakifungua pale pale mlangoni, akaanza kunisomea bila kuombwa. Alipofika kwenye "mwembe" alisimama, akafunga midomo kwanza, mmm, kisha akaendelea.

Fomu ya mwezi huu iko mezani kwangu. Nimeijaza safu zote tatu kama mlivyoagiza. Pembeni, kwa rula na kalamu nyekundu, nimechora safu ya nne na kuandika juu yake "Hajui nini", na mbele ya kila jina nimejaza ninachokijua. Kesho naipeleka kwa mwalimu mkuu. Naomba isirudishwe.

Nawasilisha.

Mwalimu wa darasa la pili,
Kanda ya Ziwa